MAONI YETU: Mtunzi wa Ufipa aandikwe jina

Karibu na stendi ya mabasi ya Sumbawanga, kama kwenye stendi nyingi za nchi hii, wapo vijana wanaojaza nyimbo. Meza ndogo, kompyuta iliyochakaa, spika moja inayotazama barabarani, na watu wamesimama na simu na flashi mkononi. Tulisimama mbele ya meza moja asubuhi ya baridi, upepo wa Ufipa ukirusha vumbi. Mama mmoja aliyeshuka kutoka Nkasi akachomoa memori kadi kwenye simu yake ya vitufe.

"Mwanangu, niwekee kwaya za huku kwetu."

"Zote mama, au za Kikatoliki tu?"

"Weka zote. Miziki ya kelele sitaki."

Kijana akafungua folda ya kwaya. Mafaili yakajipanga kwenye kioo: "Kwaya mpya 7", "Track 03", "Nkasi kali", "Audio 0041". Jina la mtunzi halikuwepo hata kwenye faili moja, wala jina la kwaya, kigango au mwaka. Dakika chache baadaye mama aliondoka na nyimbo tele, moyo wake umeridhika. Kijana alipata hela yake ya siku. Waliotunga na walioimba hawakupata kitu, na hata kama mama yule angetaka kuwapelekea salamu za shukrani, asingejua azipeleke wapi.

Ni rahisi kumnyooshea kidole kijana wa stendi. Sisi tunaona hasara ilianza mapema zaidi, siku wimbo ulipotoka mikononi mwa mwenyewe bila jina na bila karatasi. Hapo ndipo pa kutengeneza.

Sheria ipo, na si changa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni Namba 7 ya mwaka 1999. Inampa mtunzi haki tangu kazi inapozaliwa. Hahitaji kwanza cheti ndipo wimbo uwe wake. Haki hiyo inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo wimbo ni urithi kama lilivyo shamba. Watoto wa mwalimu wa kwaya wa Chala au Matai wana haki ya kuvuna jasho la baba yao nusu karne baada ya kumzika. Ni familia ngapi za Ufipa zimewahi kuambiwa hivyo kwenye kikao cha mirathi? Zinahesabiwa ng'ombe, bati na plau, lakini kauntabuku ya nyimbo huachiwa watoto wachoree.

Tuitazame kauntabuku hiyo kwa karibu, maana ndiyo mali yenyewe. Mwalimu wa kwaya wa kijijini hatungi kwa kompyuta. Anapiga mistari kwa rula, anaandika solfa kwa kalamu ya wino, sauti nne moja chini ya nyingine: d, r, m, nukta mbili, kistari. Anafuta na kurudia. Anaimba besi peke yake jikoni huku mkewe akisonga ugali. Jumapili baada ya misa ukurasa unapigwa picha kwa simu, unaingia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, na kufikia Jumatano umefika parokia ya tatu. Huko mtu anaunakili upya kwa mkono wake. Akisahau kuandika jina la mtunzi juu kulia, jina limekufa. Wimbo unaendelea kuishi, unaimbwa Pasaka hadi Pasaka, na mwenye wimbo anakaa benchi la nyuma kanisani akisikia wageni wakiusifu.

Kisha huja safari ya studio. Kwaya inachanga. Huyu anatoa debe la mahindi, yule gunia la maharage, mwingine nauli ya wenzake wawili. Baada ya mavuno na mauzo wanapanda basi, mara nyingi kwenda Mbeya, wanakesha wakirekodi, wanavaa sare mpya kwa ajili ya video. Wanarudi na flashi moja. Nakala kuu inabaki studio. Mwezi unaofuata video inaonekana YouTube kwenye chaneli ambayo si ya kwaya, na fedha ya matangazo, iwe ndogo iwe kubwa, inakwenda kwa mwenye chaneli. Ukiuliza waliandikiana nini, unajibiwa kwamba waliaminiana tu.

Kuaminiana ni jambo jema, na Ufipa imejengwa juu yake. Lakini wimbo mmoja uliorekodiwa una wenye haki watatu, na ni vigumu watu watatu kuaminiana juu ya kitu ambacho hawajakitaja. Wa kwanza ni mtunzi, mwenye maneno na sauti. Wa pili ni waimbaji na wapigaji, ambao sheria inawapa hakishiriki kwa utendaji wao. Wa tatu ni aliyegharamia na kutengeneza rekodi. Kwaya iliyouza mahindi ikalipa studio ina hoja nzito ya kusema rekodi ni yake, na prodyuza alilipwa ujira wa kazi. Ila hoja hiyo bila karatasi inakuwa neno la waimbaji 30 wanaoishi mbali dhidi ya neno la mtu mmoja mwenye nakala kuu na nywila ya chaneli. Tumeshajua nani hushinda.

Na kuna ugomvi mwingine unaoumiza zaidi, kwa sababu ni wa ndani. Kwaya inagawanyika. Mwalimu anahama kigango, au anakosana na uongozi, anaanzisha kundi lake. Nyimbo ni za nani? Kwaya inasema: tulilipia studio, tulizizoeza, zimejulikana kwa jina letu. Mwalimu anasema: nilizitunga mimi. Kwa maoni yetu mwalimu yuko sahihi kuhusu utunzi, na kwaya iko sahihi kuhusu rekodi. Mwalimu anayejitolea si mwajiriwa wa mtu. Utunzi ni wake mpaka autoe kwa maandishi, na haki ya kutajwa jina inabaki kwake hata akiuza. Kwaya nayo isizuiwe kuuza rekodi iliyoigharamia. Lakini haya hayana budi kusemwa siku ya amani, kwenye karatasi moja yenye saini, kabla ya mtu yeyote kununa. Padri au mchungaji hapaswi kuachiwa kuamua kesi ya hakimiliki sakristia.

Historia ya muziki wetu imejaa mafunzo ya aina hii. Malaika, wimbo ambao Miriam Makeba aliupeleka dunia nzima, ulirekodiwa na Fadhili William wa Kenya, naye ndiye aliyetambuliwa kuwa mtunzi. Mtanzania Adam Salim akadai kwamba yeye ndiye aliyeutunga miaka ya 1940. Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki, na watu bado wanabishana. Afrika Kusini, Solomon Linda alirekodi Mbube mwaka 1939, wimbo ukazunguka dunia kwa majina ya wengine, na yeye akafa maskini. Familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya kufungua kesi wakati wimbo huo ulikuwa umeshaingia kwenye filamu ya Disney. Miaka 67 kutoka studio hadi haki.

Hapa kwetu kesi iliyowaamsha wengi ni ya wasanii AY na MwanaFA dhidi ya kampuni ya simu iliyokuwa ikiitwa Tigo, kuhusu nyimbo zao kutumika kama miito ya simu. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Rufaa zikafuata na shauri likapanda ngazi, lakini somo lake kwa msanii wa Namanyere ni rahisi: wasanii wawili walisimama dhidi ya kampuni kubwa wakiwa na kazi zinazojulikana kuwa ni zao. "Audio 0041" ingesimama vipi mahakamani?

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu wapo wanaosema haya ni mambo ya wasanii wakubwa wa Dar es Salaam. Januari 2022 COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, iligawa mirabaha ya shilingi milioni 312 kwa wasanii 1,123. Ukigawa sawasawa ni kama shilingi 278,000 kwa mtu. Kwa staa wa mjini hiyo haitoshi hata mafuta ya gari ya wiki mbili. Kwa mwalimu wa kwaya wa Laela ni mbolea ya msimu, au ada na sare za mtoto wa sekondari. Lakini fedha hiyo humfuata mtu aliyesajiliwa na wimbo unaotambulika. Redio ikipiga wimbo wa kwaya kila asubuhi bila kujua mtunzi, orodha yake inabaki na pengo, na pengo halilipwi. Watangazaji wetu wa Rukwa wanaopenda nyimbo za nyumbani wangewafaa sana watunzi kama wangetaja jina la mtunzi kila wimbo unapoisha na kuliandika kwenye kumbukumbu zao. Haigharimu chochote.

Tangu 2022 sheria imeruhusu taasisi za wenye haki kukusanya na kugawa mirabaha, COSOTA ikibaki msimamizi. Mwaka 2023 ikaja tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kurekodi na kudurufu kazi za sanaa. Kwa maneno mengine, ukinunua kifaa cha kubebea nyimbo, senti kidogo inatakiwa imfikie mtunzi. Ni mpango mzuri, na sisi tunauunga mkono. Tunachodai ni kwamba isiwe fedha inayokusanywa nchi nzima na kuishia kwa wanaoishi karibu na ofisi. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Usajili unafanyika mtandaoni, ndiyo; lakini fomu ya mtandaoni inamtaka mtu awe na mtandao, barua pepe, na faili la wimbo lenye jina. Kwa mzee wa bonde la Ziwa Rukwa hivyo vitatu ni safari tatu.

Mpira wa miguu umeshajifunza thamani ya haki. Oktoba 22, 2020 Tanzania Prisons waliifunga Simba 1-0 hapa hapa Sumbawanga kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, na walioingia uwanjani siku ile watawasimulia wajukuu. Waliobaki nje waliona kwenye televisheni, na kuonyesha mechi ni haki inayonunuliwa: Mei 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Uwanja ni ule ule, majani ni yale yale. Kilichouzwa ni ruhusa ya kupiga picha na kurusha. Hivyo ndivyo alivyo mwimbaji pia. Mtu hatakiwi kurekodi utendaji wa mwimbaji na kuutangaza kibiashara bila ridhaa ya mwimbaji huyo.

Lakini angalia mapokezi ya mgeni rasmi. Kikundi cha ngoma ya nsimba kinaitwa alfajiri. Akina mama wanasimama kwenye baridi saa tatu, nne, ngoma zinapashwa moto ngozi zikaze. Mgeni anafika saa saba. Wanacheza dakika kumi, kamera za televisheni za mtandaoni zinawazunguka, video inarushwa jioni ile ile. Akina mama wanapewa soda na nauli, wakati mwingine soda tu. Mwaka mmoja baadaye kipande hicho hicho kinatumika kwenye tangazo. Kenya, mwaka 2022, kundi la Sauti Sol lilisimama hadharani dhidi ya muungano wa Azimio kwa kutumia wimbo wao Extravaganza kwenye kampeni bila ruhusa. Walikuwa na umaarufu wa kuwasemea. Akina mama wa nsimba hawana, na kwa hiyo halmashauri inayowaalika iwe ya kwanza kuandika: malipo ni kiasi gani, nani anaruhusiwa kurekodi, na kwa matumizi gani. Kikundi cha ngoma ni kazi, na kazi ina ujira wake.

Ngoma inatuleta kwenye jambo gumu zaidi, la mali isiyo na mtunzi mmoja. Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Roy Willis kutoka Uingereza aliishi Ufipa, akasikiliza ngano zilizosimuliwa kwa Kifipa, akaziandika. Mwaka 1978 zikatoka kitabu huko Oxford, kwa jina There Was a Certain Man. Alifanya kazi ya heshima, na bila yeye huenda baadhi ya masimulizi hayo yasingebaki. Lakini fikiria hali ilivyo leo. Mwalimu wa sekondari ya Mpui akitaka kuchapisha maandishi yale kwa ajili ya wanafunzi wake, ataomba ruhusa Uingereza. Ngano ni za bibi zetu, maandishi ni ya aliyeandika. Sheria inasema hivyo karibu kila mahali duniani, na hatusemi ibadilishwe kesho.

Tunachosema ni kwamba ngano yenyewe haikufungwa na kitabu. Bibi aliye hai leo Kalambo akiisimulia upya kwa kinywa chake, na mjukuu akairekodi, maandishi yatakayotoka hapo ni yao. Sheria yetu ya 1999 ina sehemu nzima inayolinda sanaa za jadi dhidi ya kutumiwa kibiashara bila kibali, na inataka chanzo kitajwe, yaani jamii na mahali kazi ilikotoka. Sehemu hiyo imelala usingizi. Mchekeshaji, mtengeneza filamu au prodyuza anayechukua ngoma ya Kifipa na kuiita "beat ya asili" anapaswa kuulizwa: asili ya wapi? Tunataka kila kata iwe na daftari la ngoma na ngano zake, lenye tarehe na majina ya wasimulizi na wachezaji. Siku mtu akidai amebuni yeye, tuwe na cha kumwekea mezani.

Turudi kwa kijana wa stendi. Kuna watakaotaka akamatwe na kompyuta yake ichukuliwe, na kwa kufuata herufi za sheria anachokifanya hakina ruhusa. Lakini sisi hatuoni faida ya kumfilisi. CD zimekufa. Mtandao kwenye vijiji vingi vya uwanda wa juu na bondeni ni wa kubahatisha, na bando ni ghali kwa mkulima. Yeye ndiye duka la muziki la Ufipa, na hakuna mwingine atakayempelekea mama wa Nkasi kwaya za nyumbani. Apewe leseni nafuu, alipe kidogo kwa mwaka, na sharti kuu liwe moja: faili lolote la kazi ya nyumbani liwe na jina la wimbo, mtunzi na kwaya. Kwaya nazo zimpelekee zenyewe nyimbo zilizoandikwa vizuri, na namba ya simu ya kwaya mwishoni mwa jina la faili. Mama aliyependa wimbo ataweza kupiga na kuwaalika kwenye harusi ya mwanawe. Kwa kwaya nyingi za vijijini mwaliko wa namna hiyo una thamani kuliko mirabaha ya mwaka mzima.

Kazi ya kwanza tunaiweka mikononi mwa maafisa utamaduni wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Wasingoje watunzi waje ofisini. Waende parokia kwa parokia na usharika kwa usharika, Jumapili baada ya ibada, wakiwa na kompyuta moja na modemu, wasajili watu na nyimbo zao hapo hapo. Mapadri na wachungaji watangaze kabla. Viongozi wa kwaya wakubaliane kwamba nota isiyo na jina la mtunzi haipandi kwenye stendi ya kuimbia. Mawakili wa Sumbawanga, mji wenye Mahakama Kuu, tunawaomba watoe siku moja kwa mwaka kuandaa mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka: nani mtunzi, nani mwenye rekodi, nakala kuu inakaa wapi, chaneli ni ya nani, fedha inagawanywaje, na kwaya ikigawanyika inakuwaje.

Mahindi yanakaribia kukauka mashambani. Yakishauzwa, kwaya zitaanza kupanda mabasi ya kwenda studio. Mkataba huo uwe umepigwa chapa na kusambazwa kabla basi la kwanza halijaondoka, na mwalimu wa kwaya aubebe ndani ya kauntabuku yake.